Dakika Tano za Mwanga

Emil Tomko alikuwa na miaka themanini na tatu, na hakuukumbuka uso wa mama yake hata kidogo. Mama alifariki yeye akiwa na miaka minne, na wiki hiyo hiyo baba yake, kwa uchungu au kwa hasira, maana kwa mtu yule vilikuwa kitu kimoja, alitia kila picha ya mkewe kwenye jiko la makaa na kufunga mlango wake. Hakubakiza hata ile ya harusi. Emil alikua akijua kwamba mama yake aliitwa Paraska, kwamba alifungasha vioo kiwandani kabla ya kuolewa, na kwamba kanisani aliimba kwa sauti ya juu mno. Zaidi ya hapo hakujua kitu, na waliojua walishazikwa wote kule mlimani.

Basi Ijumaa moja ya Januari alikuwa ukumbi wa kanisa, ambako akina mama huuza pierogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, amekaa na sahani yake. Dolores Matsko, ambaye husoma gazeti kwa sauti hata asipoombwa, alikuwa meza hiyo hiyo.

"Emil, sikia hii," alisema Dolores. "Makumbusho yetu wanaletewa michoro ya chapa, ile inayochorwa kwenye bamba la shaba kisha ikachapwa karatasini. Sitini mizima. Ya wachoraji wa Kimarekani wa enzi za babu zetu. Imeshazunguka miji mitano, sisi ndio wa mwisho."

"Sisi ndio wa mwisho kwa kila kitu," alisema Emil. "Nipitishie siagi."

"Subiri, mtu mzima wewe, sijamaliza. Kuna mmoja ulichorwa hapa hapa Branfield, mwaka elfu moja mia tisa ishirini na tano, ndani ya kiwanda cha vioo. Mchoraji kaandika jina la msichana kwa penseli chini ya picha. Paraska Dzurko." Dolores akashusha gazeti. "Dzurko si kwa akina mama yako?"

Emil aliweka uma chini. Aliomba asomewe tena, akasomewa, na mara ya tatu Dolores akamsomea polepole bila kuombwa. Picha yenyewe haikuwemo gazetini. Walikuwa wamechapa ya daraja la New York, kana kwamba sisi wa ukingo wa mto Monongahela tuna njaa ya madaraja.

Kulikuwa na jambo ambalo Emil hakuwa amemwambia mtu. Macho yake yalikuwa yanakwisha. Ugonjwa mmoja ulikuwa umekula katikati, hata akimtazama mtu usoni anaona kofia na masikio, na pale pa uso pana doa la kijivu. Presha ya macho nayo ilikuwa inatafuna pembeni. Alichobaki nacho ni kipande cha ubavuni, na alikuwa amejifunza kuangalia vitu kwa kugeuza kichwa kando, na watu wakadhani ni maringo ya uzeeni. Kwa mwanga mkali kipande hicho kilifanya kazi. Chini ya taa ya jikoni aliweza kusoma mwaka kwenye sarafu. Daktari alimwambia ifikapo majira ya kupukutika majani na hicho kitakuwa kimekwenda.

Alinyamaza kwa sababu ya binti yake. Marcia, aliyeko Arizona, alikuwa ameshatafuta nyumba ya kulea wazee yenye bwawa la kuogelea, na alichokuwa anangoja ni sababu tu. Kila Jumapili alipiga simu kuuliza, "Baba, bado unaendesha gari?" na kila Jumapili Emil alijibu kwamba anaendesha vizuri kuliko yeye. Gari lilikuwa halijatoka gereji tangu Septemba.

Siku ya ufunguzi alivaa suti ya mazishi na kuteremka ngazi za mtaani kwa kushika reli. Kwenye ukumbi wa maonyesho alipokelewa na Lamont Beasley, mlinzi, mtu mnene wa miaka hamsini aliyewahi kufanya kazi naye kwenye tanuri za makaa kabla hazijafungwa.

"Mzee wangu," alisema Lamont. "Umependeza. Nani kafa?"

"Wewe, usiponionyesha mama yangu yuko wapi."

Lamont alimshika kiwiko akampeleka hadi ukuta wa nyuma. Njiani Emil alianza kupunguza hatua. Ukumbi ulikuwa giza. Si giza la kujikwaa, ila mwanga wake ulikuwa hafifu, wa chumba cha mgonjwa. Alisimama mbele ya fremu. Aliona ukubwa wake, kama wa trei ya chai. Aligeuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia, akaona umbo la mtu aliyesimama, masanduku nyuma yake, kitu cheupe, na juu, pale pa uso, kijivu.

Watu walikuwa wamekusanyika nyuma yake. Dolores alikuwepo, padri alikuwepo, na mwandishi wa gazeti na kamera yake. Walikuwa wanangoja aseme neno, na miaka sabini na tisa ya kungoja ilikuwa imemfikisha hapo akiwa kipofu mwenye suti.

"Ndiye," alisema Emil. "Ndiye kabisa."

Wakapiga makofi. Padri akampigapiga begani, Dolores akalia, na kuanzia hapo mzee wa watu alikuwa amejifungia mlango mwenyewe. Angeanzaje kuuliza anafananaje, mtu aliyekwisha kusema ndiye?

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Alikuja kila siku makumbusho yalipofunguliwa. Alijaribu asubuhi, alijaribu mchana jua likiwa juu, lakini madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao. Alisogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo cha fremu na Lamont akamrudisha nyuma ya mstari.

"Mikono ile, mzee," Lamont alimwambia siku moja. "Ile ni mikono ya mtu wa kazi."

"Ndivyo alivyokuwa," alisema Emil, ambaye mikono hakuwa ameiona.

Wiki ya saba alikuja na tochi. Ilikuwa ile ndefu ya mabetri manne aliyokuwa akiitumia kazini, kazi ile ile iliyomwachia kovu la kidevu mwaka wa sitini na nne, nondo iliporuka kutoka tanurini. Alingoja Lamont apitie chumba cha pili, akaiwasha, akaielekeza kwenye fremu. Mwanga ukagonga kioo ukamrudia machoni, akaona weupe mtupu. Kabla hajabadilisha pembe alishikwa mkono.

"Zima," alisema mwanamke. "Zima sasa hivi, bwana."

Huyo alikuwa Noreen Kasik, mtunzaji wa michoro. Mwembamba, glavu za kitambaa mfukoni, miaka ishirini na sita kwenye jengo lile, na hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema kitu asichokuwa na hakika nacho. Watoto wa shule walimwogopa kuliko mkurugenzi.

"Nilitaka kuona vizuri," alisema Emil.

"Kila mtu anataka kuona vizuri. Unajua mwanga unafanya nini kwenye karatasi? Unaila. Na ikishaliwa hairudi. Karatasi hii imepewa saa zake za mwanga na zimehesabiwa, na kile kidude pale ukutani kinaandika kila mwanga unaowashwa humu. Wenye mali watakisoma. Tukizidisha, mji huu hautaletewa tena hata kalenda."

"Kisha inakwenda wapi, ikitoka hapa?"

"Gizani. Kwenye droo, miaka sita. Wameichosha kwa safari, lazima ilale."

Emil alipiga hesabu ya miaka sita na ya macho yake. "Kwa hiyo haiwashiwi taa kabisa? Kamwe?"

"Mara moja," alisema Noreen, na alisema kwa ukali, kama mtu anayemaliza ubishi. "Siku ya kuushusha. Nauweka mezani, nawasha taa kali kutoka ubavuni, naukagua inchi kwa inchi nione kama umepata mkunjo au doa, naandika nilichokiona. Dakika tano. Na chumbani siku hiyo hawaingii watu wa nje. Sasa nipe hiyo tochi."

Alimpa tochi. Barua ya mkurugenzi ilifika siku ya tatu, ikisema Bwana Tomko asiingie tena kwenye ukumbi wa maonyesho hadi michoro iondoke. Ilibidi aipeleke chini ya taa ya jikoni kuisoma, neno moja moja, na ilimchukua nusu saa kujua kwamba amefukuzwa.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Alikaa jikoni akijaribu kujitengenezea uso. Alichukua pua ya shangazi yake, akaiweka kwenye uso wa binti yake, akaona ni uongo, akaacha. Usiku aliamka kuangalia kama bado anaiona saa ya ukutani, na kila mara mishale ilikuwa imefifia zaidi au yeye alidhani hivyo. Aliogopa, na hofu ile haikuwa ya kufa. Alikuwa na hakika kwamba akishafunga macho, Paraska Dzurko hatakuwa ameonwa na mtu yeyote aliyetoka tumboni mwake.

Maonyesho yalifungwa Jumapili ya mwisho ya Machi. Jumatatu asubuhi Emil aliteremka ngazi kwenye theluji, akazunguka nyuma ya jengo, kwenye mlango wa kupakulia mizigo, akakaa juu ya kiti cha plastiki ambacho mtu alikiacha barabarani kumlindia nafasi ya gari lake. Lamont alimkuta hapo alipofungua mlango kutoa takataka.

"Mzee, hapana. Nina barua ya bosi."

"Hata mimi ninayo. Niitie yule mama."

"Atanitoa roho."

"Lamont, mwaka wa tisini na nane, kule tanurini, nani alikwambia uruke, ukaruka ukapona?"

Lamont alimtazama, akatikisa kichwa, akaingia ndani. Noreen alitoka na glavu zake mkononi, amekunja uso, tayari kusema hapana. Emil alisimama. Alikuwa ameandaa maneno mengi kuhusu mama na yatima, maneno ya kutoa machozi, lakini yote yalimtoka, akabaki na lile alilokuwa amelificha.

"Sioni," alisema.

"Huoni nini?"

"Sioni, mama. Wewe hapo sikuoni. Naona nywele zako na mlango. Sijawahi kumwona. Siku ile ya makofi nilidanganya, nimekuja siku thelathini na nane na sijamwona hata siku moja. Mwanga ukiwa mkali nikitazama kwa upande huu nasoma mpaka sarafu. Daktari kanipa mpaka msimu wa majani kuanguka. Nyie mnamlaza miaka sita. Nipe dakika zile tano. Sitagusa kitu, nifunge mikono ukitaka. Nakuomba. Sijawahi kumwomba mtu kitu, nimezeeka kabla sijajifunza, lakini nakuomba."

Theluji ilikuwa inamwangukia Noreen kwenye miwani na hakuifuta.

"Binti yako anajua kuhusu macho?" aliuliza hatimaye.

"Ukimwambia atauza nyumba."

"Sikukuuliza ili nimwambie." Akamgeukia Lamont. "Ukaguzi unahitaji shahidi. Wewe ndiye shahidi. Huyu hakuwahi kuwepo."

"Nani?" alisema Lamont. "Sijaona mtu."

Ndani kulikuwa na makreti ya mbao kila upande na harufu ya sponji mpya. Kwa kuwa huu ulikuwa mwisho wa safari, mkataba ulitaka kila mchoro utolewe kwenye fremu, na karatasi ilikuwa imelala peke yake katikati ya meza. Noreen alimsimamisha Emil ubavuni, akamshika mabega akamgeuza kidogo kidogo hadi akasema hapo hapo. Akavaa glavu. Akaweka saa ndogo ya jikoni mezani, akaizungusha hadi tano.

"Nawasha," alisema.

Taa ikawaka, na Emil akaona. Aliona nyuzi za karatasi. Aliona mistari myeusi, myembamba, mamia yake, na mistari ikawa masanduku, majani makavu ya kufungia vioo, ndoo. Aliona viatu vikubwa vya kiume kwenye miguu ya msichana, akacheka kwa sauti bila kujua. Akapanda. Sketi. Kiuno chembamba. Mikono, ndiyo, mikono ile, yenye vifundo na bandeji kwenye kidole gumba, imenyanyuliwa juu. Akapanda tena. Kijivu.

Alisogeza kichwa. Kijivu kikabaki pale pale. Hilo lilikuwa jambo la ajabu, maana doa lake siku zote lilitembea naye. Alisogeza tena, akafumba jicho moja. Ndani ya kijivu aliona mikunjo, na pindo, na uzi uliofumuka kwenye pindo.

"Hii ni nini?" aliuliza. "Hapa juu. Hiki ni nini?"

"Aproni," alisema Noreen. "Anajifuta uso. Mchoro ndivyo unavyoitwa, Msichana Akijifuta Uso. Zamu imekwisha, ameinua aproni kwa mikono miwili anajifuta…"

"Mzee," alisema Lamont. "Sisi tulidhani unajua. Ulisema ndiye."

Siku thelathini na nane Emil alikuwa ameyalaani macho yake, na macho yalikuwa yanamwambia kweli. Hapakuwa na uso. Kijana mmoja wa mjini alikuja na bamba lake la shaba mwaka wa ishirini na tano, akasimama mbele ya mama yake mchana kutwa, akachora hadi uzi wa pindo, na uso hakuuhitaji. Machozi yalimtoka mzee yule, yakateremka hadi kidevuni, na Noreen akanyoosha haraka mkono wake wa glavu kuyakinga yasidondoke kwenye karatasi.

"Zimebaki dakika ngapi?" aliuliza Emil.

"Mbili na kitu."

"Uliniambia taa hii inaonyesha visivyoonekana. Mikunjo. Madoa."

"Inaonyesha."

"Basi angalia chini ya kitambaa. Labda alimchora kwanza, halafu akamfunika. Mtu hufanya hivyo, si hufanya? Labda umebaki mstari. Angalia, mama. Mimi siwezi."

Noreen alichukua lenzi yake akainama juu ya karatasi. Alikaa hivyo muda mrefu. Saa ya jikoni ilikuwa inatikatika na nje gari lilikuwa linasukuma theluji.

"Ipo," alisema Noreen.

"Ipo nini?"

"Mistari. Hafifu sana. Aliikwangua kwenye bamba lakini haikutoka yote." Sauti yake ilikuwa kavu, ya kazini. "Paji la uso ni pana. Nyusi zimekaribiana hapa katikati. Pua imenyooka, imekuwa nene kidogo kwenye ncha."

"Endelea."

"Masikio yamejitokeza. Mdomo… mdomo mwembamba, wa juu zaidi ya wa chini. Ni uso wa mtu mbishi."

"Alikuwa mbishi," alisema Emil. "Walisema alikuwa mbishi. Na kidevu?"

"Kidevu cha mraba. Kina alama ndogo upande wa kushoto, kama kovu."

Mkono wa Emil ulipanda wenyewe hadi kidevuni, upande wa kushoto, pale nondo ilipompiga akiwa na miaka ishirini na tatu. Kisha aligeuza kichwa kando, polepole, kwa namna ile ambayo watu waliidhania maringo, na kwa kile kipande alichobakiwa nacho, chini ya mwanga ule mkali, akamwona Noreen Kasik. Lenzi ilikuwa mezani. Hakuwa ameinama. Alikuwa amesimama wima, amemwelekea yeye.

Lamont alikuwa anatazama viatu vyake.

Saa ikalia. Noreen alinyoosha mkono akazima taa, na chumba kikarudi kwenye kijivu. Alichukua kalamu, akaandika kwenye fomu kwamba karatasi iko vile vile ilivyokuja, hakuna lililobadilika, na Lamont akasaini palipotakiwa.

Emil hakuondoka. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Macho," alisema. "Hukuniambia macho. Ya mama yangu yalikuwaje?"

Noreen aliweka kalamu chini. Alimsogelea hadi akawa mbele yake kabisa, pale ambapo Emil hakuweza kumwona, akamtazama machoni kwa muda, akaanza kumwambia.